Miguu ya Tusekile

Kabla sijaanza, naweka mkono kifuani mbele ya Kyala aliyeumba mlima Rungwe na mvua zake zote: haya nitakayoandika ni kweli tupu, sijayatia hata punje moja ya chumvi. Najua nikiapa watu wa Kawetele wanacheka. Wacheke. Safari hii hata hao wanaocheka walikuwepo.

Mimi ni Ackson, mstaafu. Nimeendesha greda la serikali kwenye barabara za Rungwe mpaka makalio yakachukua sura ya kiti. Shule niliiacha mapema, kusoma sikuacha. Nasoma chochote, hata gazeti lililofungia maandazi, na nalisoma likiwa bado linachuruzika mafuta. Katika kusoma huko na kujichungulia mwenyewe niligundua jambo moja: mtu hajiendeshi peke yake. Humu kichwani mna watu wawili. Mmoja anakaa sebuleni, anapokea wageni, anajitapa, "Mimi nimeamua, mimi nimekataa." Mwingine yuko jikoni, haonekani wala hasemi, na ndiye anayepika. Yule wa sebuleni anakula alicholetewa, kisha anawaambia wageni kwamba aliagiza yeye.

Hamniamini? Greda sijaligusa tangu nistaafu, lakini kanisani mchungaji akianza kuteremka kwa kasi kwenye mahubiri, mguu wangu wa kulia unakanyaga breki. Mke wangu Esnath amechoka kunifinya. Namwambia si mimi, ni yule wa jikoni. Ananifinya tena, eti huo ni wa yule wa jikoni.

Basi, nilikuwa nayajua haya yote, na bado nusura nyumba ya mwanangu ivunjike nikiwa nimekaa kwenye kigoda natazama.

Ilikuwa ile miaka ya ruksa. Vitu vilivyokuwa havionekani vikajaa soko la Tukuyu mpaka njia za kupita zikakosekana: sabuni za kila rangi, redio, marobota ya mitumba. Na malori yakaanza kuja kutoka mbali kufuata ndizi zetu. Mkamwana wangu Tusekile, mke wa mwanangu Prosper, alikuwa na sehemu yake hapo sokoni, anauza mikungu kwa wanunuzi wa malori. Mchapakazi, mpole, na mila ameishika kwa mikono miwili.

Hapo kwenye mila lazima nieleze, maana kuna wasomaji wa kutoka mbali. Kwetu Wanyakyusa, mke aliyelelewa kizamani hakutani na baba wa mumewe. Hamtazami usoni, hasemi naye, hali naye. Akisikia anakuja, anavuta khanga kichwani na kuiacha njia, anaingia migombani mpaka mzee apite. Vijana wengi siku hizi wanalegeza, lakini Tusekile alilelewa na bibi yake kule Masoko, na bibi yule hakuwa mtu wa kulegeza. Tangu aolewe hajawahi kuuona uso wangu sawasawa. Kwake mimi nilikuwa mlio na harufu tu: ugoro na koti.

Koti hilo alininunulia Prosper alipopata malipo yake ya kwanza ya useremala. Refu, zito, la kahawia, la kukinga mvua, na mvua ya Tukuyu mnaijua. Mkanda wake ulikuwa na bizimu la chuma lililolegea. Kila nikipiga hatua linagonga, kili-kili, kili-kili. Nililivaa miaka na miaka. Likilia kule kwenye kona ya mgomba, Tusekile alikuwa ameshapotea huku uani.

Kisha nikaliona lile redio.

Lilikuwa kwenye meza ya Kasim, muuza mitumba, rafiki yangu. Dogo, jekundu, linashika mpaka Malawi. Kasim hakutaka kitu kingine ila koti. Tukabadilishana, tukapeana mikono. Nilipofika nyumbani nikamweleza Esnath na Prosper jinsi nilivyokwenda kutazama ziwa Masoko, nikalitundika koti kwenye tawi, chatu akatoka majini akalimeza zima akidhani kuna mtu ndani. Redio nikasema nimepewa na rafiki wa zamani wa kazini. Esnath akauliza, "Na kofia hakuitaka?" Prosper hakucheka. Alisema tu, "Pole, baba," akarudi kwenye randa yake. Nikadhani yamekwisha.

Msimu wa mvua uliofuata, Prosper akaanza kuja kwetu jioni na kukaa bila kusema. Esnath ndiye aliyemtoa neno.

"Sokoni wanasema mke wangu ana mtu," alisema. "Anaitwa Fred. Anakuja na lori kununua ndizi."

"Wamewaona wapi?" mama yake akauliza.

"Hapo ndipo penyewe, mama. Hawajaonekana popote. Fred akifika, Tusekile anakimbia. Anajifunika, anaacha mikungu yake, anajificha nyuma ya mizigo mpaka aondoke. Wanawake wenzake wanasema mwanamke hamkimbii mwanamume asiyemjua. Nimemuuliza, anasema hajui. Hajui! Mtu anakimbia, halafu hajui anakimbia nini?"

Nikafungua mdomo. "Mwanangu, hilo linawezekana kabisa. Kichwani mna watu wawili..."

"Baba, tafadhali. Leo usianze."

Nikafunga mdomo. Lakini nilimwona mwanangu alivyokuwa akikikunja kidole chake kimoja kilichowahi kujeruhiwa na msumeno, anakikunja na kukikunjua. Alikuwa anajiandaa kuachana na mkewe, na mtoto wao Hellen alikuwa bado ananyonya.

Siku ya gulio nikaenda kwa Kasim, nikajificha nyuma ya suruali zilizotundikwa. Niliona mbali bila kuonekana. Tusekile alikuwa amechuchumaa, anafunga mikungu kwa kamba za mgomba, mtoto mgongoni, anacheka na wenzake. Lori likasimama barabarani. Akashuka kijana mmoja, kifua mbele, koti jeusi fupi limemkaa vizuri. Alikuwa bado mbali. Tusekile hakugeuka. Hakumwona, naapa, alikuwa amempa mgongo. Mikono yake ikaacha kufunga. Shingo ikainama. Khanga ikapanda kichwani, akainuka kwa upande, mgongo kwa kijana, akateleza nyuma ya lundo la ndizi kama maji yanavyofuata mfereji.

Mimi nikasogeza suruali moja nione vizuri. Mwendo ule nilikuwa naujua. Mwendo ule ulikuwa wangu. Ndivyo anavyonikimbia mimi.

Fred akapita karibu na meza ya Kasim. Kili-kili. Kili-kili. Na nyuma yake upepo ukaleta harufu hafifu ya ugoro.

"Kasim," nikanong'ona, "lile koti uliuza kwa nani?"

"Si ndiye huyo amepita, mzee wangu? Nililipeleka kwa fundi akalikata, tukalitia rangi nyeusi. Bizimu nikaliacha, chuma kizuri. Kulifua nimelifua, lakini ugoro wako ule hautoki, labda ulichome moto."

Hata mimi mwenyewe macho yangu hayakulitambua, jeusi na limekatwa magotini. Macho ya Tusekile je, ambayo hayajawahi hata kulitazama? Yule wake wa sebuleni aliona mnunuzi wa ndizi tu. Yule wa jikoni alisikia mkwe anakuja, akaondoa miguu. Binti wa watu alikuwa anafanya adabu, na adabu ile ile ndiyo ilikuwa inamfukuzisha kwa mumewe.

"Basi kamwambie mwanao," alisema Kasim. "Jambo limeisha."

"Nimwambie koti alilonipa nililiuza?"

Kasim akakunja shati taratibu. "Mimi mdomo wangu umefungwa, mzee Ackson. Ila nina binti wa umri ule. Usichelewe."

Nilichelewa. Kwanza nilijaribu njia ya pembeni: nikamfuata Fred kwenye lori lake, nikamsifia, nikamwomba aniuzie koti.

"Hili? Hapana, babu. Mimi nalala ndani ya lori pale Uyole, baridi ile unaijua?"

"Nitakupa redio. Linashika mpaka Malawi."

"Malawi itanifunika usiku?" Wapakiaji wakacheka. Kisha Fred akaacha utani, akanisogelea. "Babu, wewe si baba yake Prosper? Basi mwambie mwanao mimi huyo mkewe simjui. Nataka ndizi tu. Kila nikija ananikimbia kama nina ukoma, na watu wananitazama mimi. Mwanao akinijia na panga nitasemaje?"

Panga! Sikuwa nimefika huko katika hofu zangu. Kuanzia hapo nikafika. Prosper akipiga nyundo kule kwake mimi nashtuka huku. Asubuhi naamka nimeamua, leo nasema, namvizia anywe chai kwanza, akimaliza chai naona uso wake haufai, nasubiri ashibe, akishiba anaondoka. Na kila siku niliyonyamaza ilifanya koti lile kuwa zito zaidi, maana sasa ningelazimika kueleza si koti tu, bali na kunyamaza pia.

Kikao kikaitishwa kabla sijapata ujasiri. Lukasi, kaka yake Tusekile, alipanda kutoka Masoko, hakukaa kwenye kiti mpaka alipobembelezwa. Mwenyekiti alikuwa Andongwisye, mzee mwenzangu, tuliyezaliwa naye kijiji kimoja, mtu anayezijua hadithi zangu zote kwa majina. Fred naye aliitwa, akaja, mvua inamwagika. Mlangoni akavua koti, likichuruzika, akalitundika kwenye msumari. Prosper akakaa mkabala naye, mikono kati ya magoti. Tusekile, kwa kuwa mimi nilikuwa sebuleni, alikaa jikoni na Esnath, nyuma ya ukuta wa mianzi. Sauti ilipita, watu hawakuonana.

Andongwisye akauliza, Esnath akapeleka swali, jibu likarudi.

"Anasema hamjui kijana huyu."

"Mwulizeni kwa nini anamkimbia."

Ikaja sauti ya Tusekile yenyewe, ndogo, inatetemeka: "Sijui. Nikisema nisimame, miguu imeshaondoka. Nashtukia niko nyuma ya mizigo. Hata mimi naogopa. Nimeenda kuombewa."

Lukasi akasonya. Prosper akasema, akitazama sakafu, "Mimi nimechoka kuchekwa. Kama hawezi kusema ukweli, kaka yake amchukue. Mtoto abaki."

Nyuma ya mianzi hakuna aliyelia. Niliusikia mkeka tu, mtu anajikunja juu yake.

Nikasimama nusu. "Jamani, nisikilizeni. Inawezekana kabisa binti hadanganyi. Miguu inaweza kujua jambo ambalo kichwa hakijui. Mimi mwenyewe kanisani..."

"Ackson," akasema Andongwisye, "chatu mwingine huyo ni wa ziwa gani?"

Wakacheka, hata Lukasi aliyekuwa na hasira. Nikakaa. Ndiyo malipo ya mtu kama mimi: siku nilipokuwa na ukweli mkononi, ulifanana na bidhaa zangu nyingine.

Ningeweza bado kutaja koti. Neno moja. Nililiweka kwenye ulimi, likakaa hapo, kavu. Lukasi akasimama, akasema watashuka Masoko leo hii hii, mvua au jua. Esnath akaanza kukusanya nguo za mtoto, kisha akakumbuka mtoto anabaki, akazirudisha. Nilisikia yote mawili. Nikasema moyoni, wacha nitoke nje kidogo, nipate hewa, nikirudi nitasema. Nikainuka. Nilikuwa napanga maneno: "Prosper mwanangu, unakumbuka..." Hapana. "Prosper, baba yako ni mzee..." Hapana. Nilikuwa bado natafuta neno la kuanzia.

Nikainua macho. Wote walikuwa wananitazama, Fred mdomo wazi.

Nilikuwa nimesimama mlangoni, nimevaa koti.

Sikumbuki kunyoosha mkono kwenye msumari. Mabega yalikuwa yameshaingia. Lile bizimu lina ujanja wake, halifungi mpaka ulipindue kushoto na kuligonga kwa kidole gumba. Fred katika miezi yote hakuwahi kuliweza, alikuwa analiacha linaning'inia. Mimi nilikuwa nimelifunga. Na mkono wa kulia ulikuwa umeshapita kwenye tundu la mfuko wa ndani mpaka kwenye pindo, mahali ninapoweka ugoro.

Kili-kili.

Nyuma ya mianzi kigoda kikaanguka. Sauti ya Esnath ikapanda: "We mtoto, vipi? Mbona umejifunika? Unajificha nini nyuma ya mtungi, nani amekuja?" Akachomoza kichwa sebuleni kuona ni nani. Akaniona mimi. Akalitazama koti kutoka kola hadi pindo, akaja, akalishika, akalinusa.

"Baba Prosper," alisema polepole. "Huyu ndiye chatu?"

"Kumbe amelitapika," akasema Andongwisye. "Tena limekuwa jeusi tumboni."

Hakuna aliyecheka. Fred akasema, "Koti langu nimenunua kwa Kasim. Risiti sina, lakini Kasim yupo."

Nikaangalia pande zote kutafuta uongo. Miaka yangu yote uongo umekuwa ukija wenyewe, siuiti. Siku ile jiko lilikuwa limezimwa. Nikasema tu, "Redio."

Prosper alikuwa ameelewa kabla ya wote. Alitazama ukuta wa mianzi, kisha koti, kisha mimi. Nilitamani anitukane.

"Baba, ulikuwa unajua," akasema. "Tangu lini?"

"Tangu gulio lile la..."

"Ungeniacha nimfukuze."

Prosper akainuka, akaingia jikoni kwa mkewe. Hatukusikia alichosema. Tulisikia kwamba Tusekile hakujibu.

Alijibu baadaye, kupitia kwa Lukasi aliyesimama mlangoni na mwavuli. Alisema mumewe hakumwamini na mkwewe alinyamaza, basi yeye anakwenda kwao Masoko, na mtoto anamchukua, nani atamzuia? Atarudi siku atakayoona imefaa. Andongwisye akawaza, akakohoa, akatoa hukumu: Ackson ampe Tusekile mtamba.

"Mtamba!" nikaruka. "Mbuzi je? Nina beberu mzuri."

"Mtamba."

"Beberu na redio."

"Mtamba wa maziwa," akasema Esnath, mke wangu mwenyewe wa ndoa, "yule mwenye baka kwenye paji la uso. Na ampeleke mwenyewe kwa miguu, asitume mtu."

Nilikuwa na mtamba mmoja tu, na ndiye huyo mwenye baka. Alikuwa ndio kwanza ameshika mimba.

Nilimshusha Masoko katika mvua, bila koti. Fred aliondoka na lake, ingawa sokoni siku hizi analivua kabla hajafika kwenye ndizi, na Tusekile amesharudi kumuuzia. Lakini hayo yalikuja baadaye. Siku ile nilikuwa mimi na ng'ombe, na yeye alitaka kula kila kilichoota pembeni mwa njia. Watu walisimama milangoni. "Mzee Ackson, huyo unampelekea chatu?" Nikawaambia ndiyo, wa kitoweo. Wengine walinifuata mpaka mto wa kwanza ili wasikose kitu.

Nilipofika kwao Tusekile nikasimama mbali, kama mila inavyotaka, nikakohoa. Niliona pindo la khanga likipotea nyuma ya nyumba. Lukasi akatoka, akamkagua mtamba meno, miguu, na chuchu, bila haraka, mimi nalowa. Akatikisa kichwa kukubali. Nikamfunga kwenye mti wa uani, kisha nikaanza kuifungua ile kamba niondoke nayo, maana ni ya katani, nzuri, na kwao niliona kamba za mgomba tele.

Sauti ikatoka nyuma ya nyumba, haikutetemeka hata kidogo.

"Kaka, mwambie huyo aliye hapo uani: na kamba ni yangu."

Nikaiacha.